Friza Moja, Majira Mawili: kwa nini kegi za bia ya nyumbani hazipoi sawasawa

Glasi ya kwanza ni povu tupu mpaka ukingoni. Ya pili nusu povu, nusu bia. Ya tatu inashuka safi, na ya nne inapendeza hata kupigwa picha. Ukiiacha koki ipumzike saa moja kisha ukarudi, unaanza upya na povu lile lile.

Mwenye friza ya kupozea kegi, yale mapipa madogo ya chuma ya bia, akiona hivyo, mkono wake hukimbilia regyuleta, kifaa kinachopanga presha ya gesi inayosukuma bia. Anapunguza presha, povu linatulia siku mbili tatu, halafu bia inabaki chapwa kwa sababu gesi imeihama. Anarudisha presha, na povu nalo linarudi. Anaweza kuzunguka hapo mwezi mzima, kwa sababu presha haina kosa. Kosa liko kwenye baridi: ndani ya sanduku moja kuna nyuzi 2 upande wa chini na nyuzi 10 au zaidi upande wa juu, na bia inapita pote pawili kabla ya kufika kwenye glasi.

Baridi hulala

Friza ninayoizungumzia ni ile ya kulala, inayofunguliwa kwa juu kama sanduku. Wanaotengeneza bia nyumbani huipenda kwa sababu inameza kegi nne au tano bila kunung'unika, na kwa kuwa ni rahisi kuibadilisha kazi. Unachomeka kidhibiti joto kwenye soketi, unachomeka friza kwenye kidhibiti, na sensa yake unaiingiza ndani. Bia ikifika nyuzi 3 za Selsiasi, kidhibiti kinakata umeme, ikipanda, kinaurudisha. Mashine iliyozaliwa kugandisha sasa inapoza tu.

Lakini hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya uvuguvugu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 0 ina kilo 1.29 hivi, ile ya nyuzi 20 ina kilo 1.20. Gramu 90 si kitu kikubwa, ila mahali pasipo na upepo zinatosha: nzito inashuka, nyepesi inaelea, kila moja inakaa kwenye tabaka lake. Ukifungua mlango wa friji la kusimama ukiwa pekupeku, unaisikia baridi ikimwagikia vidole vya miguu. Ukiinua mfuniko wa friza ya kulala, hakuna kinachomwagika. Baridi imelala mle kama maji kwenye beseni, na ndiyo sababu mojawapo friza hizi haziumizi sana kwenye umeme.

Sifa hiyo hiyo ndiyo inayotusumbua. Kwa nyama haina madhara, maana iwe nyuzi 18 chini ya sifuri au 14 chini ya sifuri, nyama ni jiwe tu. Bia haina nafasi hiyo ya kuchezea. Yenye kilevi cha asilimia 5 huanza kuganda ikishuka nyuzi 2 na kitu chini ya sifuri, na ikipanda kufikia nyuzi 8 au 10 inaanza kuiachia gesi yake. Uchochoro wetu ni mwembamba, na tabaka za hewa zinauvuka pande zote mbili.

Halafu sisi wenyewe tunaongeza mzigo kwa mbao. Kuta za friza ya kulala zimeficha mirija: ya ndani inavuta joto, na kwenye friza nyingi kuna mingine upande wa nje inayolitoa. Ukitoboa ukuta ili upitishe koki, na ncha ya drili ikakutana na mrija, gesi ya kupozea inatoka yote na friza inageuka kabati. Kwa hiyo watu hung'oa mfuniko, huweka juu ya kingo fremu ya mbao yenye kimo cha sentimita 20 hivi, kisha huurudisha mfuniko juu ya fremu hiyo. Koki zinapita kwenye mbao. Ni ufundi mzuri na sijaona ulio bora, ila angalia ulichokifanya: umeongeza ghorofa isiyo na mrija hata mmoja wa kupozea, yenye kuta zinazopitisha joto mara tatu hadi nne zaidi ya stairofomu ya unene ule ule, mahali ambapo hewa ya uvuguvugu ilikuwa inapapenda tayari. Na hapo ndipo ulipoziweka koki. Kila moja ina kipande cha chuma kinachopenya mbao, nusu ndani na nusu chumbani, kikiingiza joto usiku na mchana.

Kuifunika fremu kwa ndani kwa stairofomu ya sentimita 4 au 5 ni kazi ya asubuhi moja, na inastahili kufanywa hata kabla ya kununua kingine chochote.

Povu linatoka wapi hasa

Kimiminika kikipoa hushika gesi vizuri zaidi. Watengenezaji bia hupima gesi kwa ujazo: bia ya ujazo 2.5 imebeba lita mbili na nusu za kaboni dayoksaidi katika kila lita moja ya bia. Presha ya bar 0.8, yaani psi 12, huipa bia ya nyuzi 3 ujazo 2.5 hivi. Presha hiyo hiyo kwenye bia ya nyuzi 10 huishia karibu na ujazo 2.

Sasa ifuate bia ya glasi moja tangu mwanzo. Mrija wa ndani ya kegi unaichota chini kabisa, kwenye baridi kali. Inapanda hadi kwenye mpira wa kupitishia bia, uliojikunja juu ya vichwa vya kegi, yaani ndani ya tabaka la uvuguvugu. Mpira wenye uwazi wa milimita 5 na urefu wa mita 3 unabeba mililita 60 hivi. Ukikaa saa moja bila kumimina, mililita hizo 60 zinapanda hadi nyuzi 10 au 11 pamoja na mpira wenyewe, na koki ya chuma inakuwa na joto kuzidi hapo. Bia iliyoshibishwa gesi kwenye baridi sasa iko mahali isipoweza kuibeba yote. Ziada inajitenga na kuwa vipovu vilivyobanwa. Ukifungua koki vipovu vinatangulia, vinaichafua bia inayofuata nyuma, nayo inaumuka yote.

Glasi ya pili inakuta njia imeshapozwa na ile ya kwanza. Ya tatu inapita kwenye mpira baridi na koki baridi. Ndiyo maana povu la namna hii lina ratiba: linakuja baada ya mapumziko na linaondoka lenyewe. Povu ambalo halibadiliki kuanzia glasi ya kwanza hadi ya kumi ni ugonjwa mwingine, na hapo kweli angalia presha, au urefu wa mpira, au mpira uliopachikwa vibaya. Ukijua kutofautisha hayo mawili umejiokolea usumbufu mwingi.

Wapo wanaotibu povu la ratiba kwa kurefusha mpira. Mpira mrefu kweli hupunguza kasi ya bia, lakini ukiwa umelala kwenye tabaka la juu umeongeza tu kiasi cha bia ya uvuguvugu kinachosubiri glasi ya kwanza.

Feni ndogo, mahali sahihi

Dawa ni kuivuruga hewa isipate nafasi ya kujipanga. Feni ya kompyuta ya volti 12, yenye upana wa milimita 120, inatosha friza nzima. Inakula wati 2 au 3. Hapa watu huteleza kwa kudhani kubwa zaidi ni bora zaidi. Kila wati feni inalokula ndani ya friza linaishia kuwa joto ndani ya friza. Wati 2 kwa siku nzima ni wati-saa 48, kitu ambacho kompresa inakifuta bila kujua. Feni ya wati 20 ni sawa na kuacha taa inawaka mle ndani kisha uilipe kompresa iizime.

Kuhusu mahali pa kuiweka nina msimamo. Feni iliyoning'inizwa chini ya mfuniko ikipuliza kwa mlalo inachezea tabaka la juu peke yake; unasikia upepo na unaridhika, lakini chini hakuna kilichobadilika. Feni inatakiwa iinue. Iweke sakafuni kwenye kona, nyuma ya kegi, ikitazama juu, na uinyanyue kidogo kwa vipande viwili vya mbao ili ipate pa kuvutia hewa. Ikiwa kegi zimebanana na upepo haufiki juu, ongeza bomba la plastiki la kuusindikiza hadi usawa wa koki. Bomba liwe pana. Feni za kompyuta zinasukuma hewa nyingi kwa nguvu ndogo, na ukizilazimisha kwenye bomba jembamba zinazunguka tu bila kupeleka kitu. Mdomo wa bomba uelekee kwenye vile vipande vya chuma vya koki, kwa sababu navyo vinahitaji kupozwa moja kwa moja.

Iache izunguke muda wote. Kuna wanaoiunganisha na kompresa ili ziwake na kuzima pamoja, wakidhani wanaokoa umeme. Hewa inaanza kujipanga tena mara feni inaposimama, na kompresa ikiwa inafanya kazi yake vizuri inakaa imezimwa muda mrefu kuliko inavyowaka. Adapta ya umeme ibaki nje. Waya upite kwenye tundu dogo la fremu lililozibwa kwa silikoni.

Faida ya pili ya feni haizungumzwi sana. Kegi ya lita 19 iliyoingizwa ikiwa na nyuzi 20, ikizungukwa na hewa tuli, inahitaji kama siku nzima kukaribia nyuzi 4. Hewa inayotembea juu ya chuma inabeba joto haraka zaidi, na muda huo unaweza kupungua hata kwa nusu.

Unapima hewa au bia?

Hapa ndipo penye ubishi mwingi, na hesabu moja inausaidia. Hewa yote ndani ya friza ya lita 200 ina uzito wa robo kilo. Kuishusha nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 0.25. Kegi moja iliyojaa inahitaji kilojuli 80 hivi kwa nyuzi hiyo hiyo 1. Kegi moja, basi, ni nzito kuibadilisha joto mara 300 hivi kuliko hewa yote inayoizunguka.

Ukining'iniza sensa hewani unaisikiliza ile robo kilo. Unafungua mfuniko kuchukua kitu, hewa inapanda, kompresa inawaka. Dakika chache hewa imeshuka, kompresa inazima. Bia yenyewe haijajua kama kuna lolote lililotokea. Kuwaka na kuzima namna hiyo kunaichosha kompresa, hasa inapolazimishwa kuwaka tena kabla presha ndani ya mirija haijasawazika. Ndiyo maana vidhibiti vingi vina kipengele cha kuchelewesha. Kiweke dakika 5 angalau, na mimi sioni ubaya wa 10.

Ukienda upande wa pili, ukaizamisha sensa kwenye chupa ya maji katikati ya friza, unapata tatizo la kinyume. Maji yanashuka polepole, kompresa inaendelea kukaza, na wakati sensa inaridhika kuta zimeshafika chini sana ya sifuri. Kompresa ikizima, kuta hazizimi. Zinaendelea kunyonya joto kwa muda, na bia inapitiliza pale ulipotaka isimame. Niliwahi kukuta kegi iliyokuwa imeegemea ukuta ina kipande cha barafu chenye umbo la mwezi mwandamo, upande ule ule wa ukuta, huku kidhibiti kikionyesha nyuzi 3 bila aibu. Tangu siku hiyo kegi zangu hazigusi ukuta. Nafasi ya vidole viwili inatosha.

Njia ya kati ndiyo ninayoitumia. Bandika sensa ubavuni mwa kegi, nusu ya kimo cha bia au chini kidogo, kisha uifunike kwa kipande kinene cha sponji na utepe wa gundi kuzunguka kegi yote. Sponji inaikinga isisikilize hewa, chuma kinaipelekea habari za bia. Kidhibiti kiweke nyuzi 3 na tofauti ya nyuzi 1, yaani kiwashe tena bia ikipanda nyuzi 1 juu ya hapo. Themostati ya friza yenyewe ipeleke kwenye baridi ya mwisho, isije ikaingilia kazi ya kidhibiti.

Ila chagua vizuri ni kegi ipi. Ile inayokaribia kuisha haifai, maana bia iliyobaki ni kidogo na inapoa upesi kuliko jirani zake. Na kama bia imeshuka chini ya usawa wa sensa, unapima nafasi ya gesi. Hatari kubwa zaidi ni siku unapoingiza kegi mpya ya uvuguvugu. Ukihamishia sensa kwenye hiyo mpya, kidhibiti kinaona nyuzi 20 na kinaamuru kompresa iwake mfululizo. Mgeni anapozwa, na wenyeji watatu waliokuwa kwenye nyuzi 3 tangu wiki iliyopita wanashuka naye hadi wanaganda. Iache sensa kwa mwenyeji. Kegi mpya itachelewa, ndiyo, lakini hakuna itakayokufa.

Kuna jambo jingine dogo ndani ya kegi yenyewe. Maji huwa mazito kupita yote yanapofika nyuzi 4; yakipoa zaidi yanaanza kuwa mepesi tena. Kwa bia kiwango hicho kiko chini kidogo. Karibu na hapo, bia iliyo baridi zaidi na iliyo baridi kidogo zinakaribiana uzito, kwa hiyo hazina sababu ya kupishana na kujichanganya zenyewe kama zinavyofanya kwenye nyuzi 15. Kegi inaweza kukaa na baridi isiyolingana kwa muda mrefu hata kama imetulia kabisa. Wenye mrija wa kuelea, unaochota juu ya bia badala ya chini, hupata bia ya tabaka jingine kabisa na ya jirani mwenye mrija wa kawaida, hata kama kegi zao zimesimama bega kwa bega.

Hakikisha kwa glasi mbili za maji

Kabla na baada ya kuweka feni, weka glasi ya maji sakafuni mwa friza na nyingine juu, usawa wa koki. Ziache usiku kucha. Asubuhi pima maji, usipime hewa, kwa kuwa hewa inabadilika wakati ule ule unapoinua mfuniko. Kipimajoto chenyewe kijaribu kwanza kwenye maji yaliyojaa barafu inayoyeyuka: kikisoma nyuzi 2 pale panapostahili kuwa 0, umeshajua cha kutoa kwenye kila hesabu. Tofauti ya juu na chini ikiwa nyuzi 1 au 2, umemaliza. Ikiwa bado 5, feni haiinui, au fremu inavuja. Funga mfuniko ukiwa umebana karatasi kwenye ukingo, kisha uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa kuzibia haushiki hapo.

Unyevu utakuja, na feni haiuondoi. Friza ikigandisha, maji ya hewani huwa barafu ukutani. Ikiwa kwenye nyuzi 3 yanakusanyika sakafuni na kuleta kutu na kuvu. Kopo la kalsiamu kloraidi au vifuko vya silika vinavyoweza kukaushwa tena vinasaidia, ili mradi uvikumbuke.

Kama mtungi wa gesi unakaa ndani pamoja na kegi, usishtuke geji yake ikishuka siku ya kwanza. Kwenye nyuzi 20 mtungi husoma bar 57 hivi. Kwenye nyuzi 4, karibu 39. Gesi haijapungua, imepoa tu. La kushtukia ni kuvuja kweli. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa, nayo inalala chini kama baridi inavyolala, na friza ya kulala ni shimo lisilo na mlango wa chini. Ukihisi inavuja, inua mfuniko, fungua madirisha, funga mtungi kwa kunyoosha mkono, na kichwa kikae nje mpaka pawe na hewa.

Baada ya yote haya kuna kegi moja itakayobaki nyuma: ile inayokaa juu ya nundu, ngazi inayoficha kompresa. Imeinuka kuliko wenzake, kichwa chake kiko ndani ya fremu, na hata feni ikifanya kazi nzuri itakuwa na nyuzi 1 au 2 zaidi. Nilipigana nayo muda mrefu. Siku hizi bia nyeusi ndiyo inayokaa hapo, maana ladha yake inajificha kwenye nyuzi 3, na zile nyepesi zinabaki chini sakafuni.